Somo la Mwezi: Mwenye Ulemavu na Shamba la Skimu



Katika ukurasa huu umezoea kusoma habari za mbegu, mbolea na maziwa. Mwezi huu weka jembe chini kidogo, utazame chumba cha nyuma cha nyumba yako, au cha jirani yako. Je, yumo mtu ambaye wageni wakija haitwi kuwasalimu? Je, yuko mtoto ambaye jina lake halikuandikwa katika shule yo yote, kwa sababu miguu yake haina nguvu, au haoni, au hasikii, au akili yake inakwenda polepole?

Kama yumo, somo hili ni lako. Kama hayumo, lisome vilevile. Mashine ya kukata nyasi za ng'ombe humnyang'anya mtu vidole kwa kufumba na kufumbua. Pikipiki huvunja uti wa mgongo. Kisukari humfanya mtu akatwe mguu, na shinikizo la damu humpooza mzee upande mmoja asubuhi, naye jana yake alilala mzima. Ulemavu waweza kuingia katika boma lo lote, na ni afadhali ulikute boma limekwisha kutayarishwa.

Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba watu 16 katika kila 100 duniani wana ulemavu wa namna fulani, yaani karibu mmoja katika kila sita. Lakini sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilipata watu 2.2 tu katika kila 100 wenye umri wa miaka 5 na zaidi, jumla yao kama 900,000. Hesabu hizi mbili hazielekei kukutana. Sehemu ya tofauti yatoka katika namna ya kuuliza maswali, maana hawakuuliza sawasawa. Lakini sehemu nyingine, kwa maoni yangu, iliketi kimya katika chumba cha ndani karani wa sensa alipopiga hodi.

Jambo moja dogo juu ya maneno, kisha tuendelee. Wazee wetu walisema kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, na watu wengi huyachukia maneno haya kwa kuwa yanaanza kama kiti na kikapu. Ni kweli kwamba hata kijana na kiongozi wamo katika kundi hilo, wala hawajalalamika. Hata hivyo mwulize mwenyewe anapenda kuitwaje. Viziwi wengi hawaoni haya kuitwa viziwi. Walio wengi wanataka kuitwa kwa majina yao, kama wewe.

THIKA NA RUIRU

Tumechagua Thika na Ruiru kwa sababu kazi hii imefanywa huko kwa muda mrefu, na wakulima wa skimu zote wanaweza kujifunza kitu. Shule ya vipofu ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Wakati ule watu wengi walidhani kumfundisha kusoma mtoto asiyeona ni kupoteza chaki. Watoto wakafundishwa breli, yale maandishi ya nukta sita yanayosomwa kwa ncha za vidole. Waliopita pale wamekuwa waalimu, wanasheria na watumishi wa Serikali. Mwaka 1962, mwaka uleule ulioanzishwa mpango wa ekari milioni moja uliowapatia wakulima wengi mashamba yao, Jeshi la Wokovu lilifungua Joytown, papo hapo Thika, kwa watoto ambao miguu au mikono yao haina nguvu. Maana yake ni kwamba mtoto mwenye ulemavu alikuwa na mahali pa kusomea tangu siku ile babu yako alipokuwa anapimiwa shamba. Kama hakupelekwa, kosa halikuwa la kukosa shule peke yake.

Usidhani lakini kwamba lazima mtoto apelekwe mbali. Shule ya bweni ni nzuri kwa mtoto anayehitaji breli au Lugha ya Ishara ambayo haiko karibu. Kwa mtoto anayechechemea tu, au anayeona kidogo, shule ya jirani yatosha kama mwalimu atamketisha mbele, karibu na dirisha, na kama watoto wenzake watamwachia nafasi ya kupita. Usiamue mwenyewe kwa kukisia. Katika wilaya nyingi kuna kituo cha elimu cha kupima watoto wa namna hii. Vituo hivi vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na kazi yao ni kumpima mtoto na kukueleza shule inayomfaa. Ulizia katika ofisi ya elimu.

Na mpeleke mapema. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani aweza kunyoshwa kwa plasta inayobadilishwa kila juma, kazi ikianza majuma machache tu baada ya kuzaliwa. Akingojewa mpaka atembee, kazi huwa ngumu na mara nyingi hutaka kisu. Mtoto asiyegeuka akisikia mlango ukigongwa, mpime masikio, usimwite mkaidi. Mzee ambaye macho yake yamefunikwa na ukungu mweupe huenda ana mtoto wa jicho tu, nao hutolewa kwa upasuaji mdogo. Wazee wengi wanaongozwa kwa fimbo na wajukuu ambao walipaswa kuwa darasani, kwa ugonjwa wa macho ambao ungekwisha kwa siku moja hospitalini.

KAZI ZA SHAMBA

Sasa tuingie shambani, maana hapa ndipo wakulima wengi husema, "Huyu hawezi kazi." Swali hilo limeulizwa vibaya. Uliza ni kazi gani, kwa chombo gani, na mahali gani.

Pengine umesikia habari za Henry Wanyoike wa Kikuyu, katika Kiambu yetu hii. Mwaka 1995 alipoteza karibu macho yote. Akaenda Machakos katika chuo cha wasioona, akajifunza kufuma sweta kwa mashine. Kisha akarudi katika mbio, na mwaka 2000 huko Sydney akashinda medali ya dhahabu ya mita 5,000 katika michezo ya Olimpiki ya watu wenye ulemavu. Kiongozi wake siku ile alikuwa mgonjwa, na mwishoni Wanyoike ndiye aliyemvuta mwenye macho mpaka kwenye mstari. Wanaokimbia hivi huunganishwa kwa kamba fupi tu. Tunataka uitazame kamba hiyo zaidi kuliko medali, kwa sababu kamba unayo.

Chukua kamba ya katani, uifunge fundo kila baada ya sentimita 30. Ivute baina ya vigingi viwili, kutoka mwisho mmoja wa shamba hadi mwingine. Mtu asiyeona aifuate kwa mkono, na kila fundo achimbe shimo, atie mbolea, atie mbegu ya mahindi, afunike. Akimaliza mstari, vigingi vihamishwe kwa kijiti kilichokatwa sentimita 75 kamili. Mahindi yake yatanyoka kuliko ya yule anayepanda kwa kukisia kwa macho. Kupalilia ni vigumu zaidi, kwa kuwa magugu na mahindi machanga hushabihiana mkononi. Basi na angoje mpaka mahindi yafike magotini, naye atayatofautisha kwa shina.

Kukamua ng'ombe ni kazi ya vidole tangu zamani. Mtu asiyeona hugundua upesi kiwele chenye joto au kilichokuwa kigumu upande mmoja, na hizo ni dalili za kwanza za ugonjwa wa kiwele. Maziwa yachujwe katika kitambaa safi, naye akipapasa kitambaa atasikia madonge. Kinachotakiwa ni kwamba ng'ombe asimame mahali palepale kila siku, ndoo ikae mahali palepale, na mtoto asiache toroli njiani. Hili la mwisho ndilo gumu kupita yote.

Kwa asiyeweza kusimama, leta kazi ifike alipo. Tengeneza tuta lililoinuliwa, kimo chake futi mbili hadi mbili na nusu, kwa mawe au mbao kuukuu, upana wake futi nne ili mikono ifike katikati kutoka pande zote mbili. Akiwa afika upande mmoja tu, upana usipite futi mbili. Gunia la udongo lenye matundu ubavuni hubeba sukuma wiki nyingi, nalo laweza kuwekwa karibu kabisa na kiti cha magurudumu. Jembe likatwe mpini ufae mtu aliyeketi. Mkono usioshika vizuri usaidiwe kwa kuviringisha mpira wa tairi la ndani juu ya mpini mpaka unene.

Wakulima wa kahawa mna bahati. Kituo cha utafiti wa kahawa pale Ruiru kilitoa mwaka 1985 aina iitwayo Ruiru 11. Mnaijua kwa kuwa haishikwi upesi na ugonjwa wa chule buni wala kutu ya majani. Lakini tena ni mti mfupi, matawi yake yakaribiana. Waliouzalisha walitaka miti mingi zaidi katika ekari moja. Sisi twaona tena kwamba mtu aliyeketi juu ya kigoda hufikia matunda mengi ambayo katika mti mrefu yangemtaka apande ngazi. Kuchambua kahawa mezani, mbivu huku na mbichi kule, ni kazi ya kuketi tangu asubuhi. Mtu kiziwi anaiweza yote bila badiliko lo lote, ila mwonyeshe kwa mkono, usimpigie kelele kwa nyuma.

Mwenye ualbino anaweza kazi zote za shamba, lakini jua ni adui yake kweli, huleta saratani ya ngozi. Afanye kazi ya jua alfajiri na jioni, avae kofia pana na mikono mirefu, na mafuta ya kuzuia jua ayaombe katika ofisi tutakayoitaja chini.

NYUMBA, CHOO NA NJIA

Kanuni ya mteremko wa kiti cha magurudumu ni rahisi kukumbuka: kila inchi moja ya kwenda juu, futi moja ya urefu. Kizingiti chako kikiwa na kimo cha inchi sita, mteremko uwe futi sita. Fundi atakwambia futi tatu zinatosha, kwa kuwa anataka kumaliza kabla ya saa kumi. Usimkubali, kiti kitarudi nyuma na mtu ndani. Kabla saruji haijakauka, ipigwe ufagio kwa kukata upana ili isiteleze. Mlango uwe na nafasi wazi ya inchi 32 au zaidi.

Udongo mwekundu wa Ruiru na ule mweusi wa sehemu za Thika hujulikana kwa kunata wakati wa mvua. Njia ya kutoka nyumbani hadi choo na hadi barabara imwagiwe murramu, ishindiliwe, upana futi tatu au zaidi, na maji yachimbiwe mfereji kando.

Choo ndicho kinachoamua kama mtu anaheshimika. Binti mtu mzima anayetambaa kwa mikono juu ya sakafu ya choo cha shimo hawezi kukwambia anavyojisikia, naye atakunywa maji kidogo ili asiende mara nyingi, mpaka augue. Fundi wa mbao atengeneze kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo. Tia gongo imara ubavuni la kushikilia. Mlango ufunguke kwa nje. Kwa asiyeona, funga kamba kutoka mlango wa jikoni mpaka choo. Gharama ya vyote hivi haifiki bei ya mbuzi wawili, nami nasema hivyo nikijua bei ya mbuzi.

MIZANI NA MKUTANO

Wewe uliye katika halmashauri ya chama cha ushirika, hapa kuna kazi yako. Mkulima asiyeona anapoleta kahawa au maziwa, karani ataje kilo kwa sauti kabla ya kuandika, na mkulima aruhusiwe kuja na mtu wake wa kusoma stakabadhi. Kwa kiziwi, karani amgeuzie mizani aone mwenyewe. Bila hivyo hana njia ya kujua kama ameibiwa, na kilo mbili kila siku kwa mwaka mzima ni karo ya mtoto.

Mkutano mkuu ufanywe mahali pasipo ngazi. Msemaji awaelekee watu, asiongee akiandika ubaoni. Kama mna wanachama viziwi, leteni mtu anayejua Lugha ya Ishara ya Kenya. Lugha hii ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge kwa Katiba ya mwaka 2010, sembuse chama chenu. Katiba hiyo katika kifungu cha 54 inataka pia kwamba, hatua kwa hatua, angalau watu 5 katika kila 100 wa vyombo vya umma vya kuchaguliwa na kuteuliwa wawe wenye ulemavu. Katiba ilisema hivyo juu ya vyombo vya umma, lakini hakuna kinachokuzuieni kuifuata.

HATI YA SHAMBA

Sasa tufikie jambo ambalo limetufanya tuandike somo hili. Waliogawiwa mashamba ya skimu mwanzoni wengi wao wamekwisha kufariki. Watoto na wajukuu wanagawana.

Tuseme mzee ana ekari sita na watoto wanne. Mmoja wao ni binti, kiziwi tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo. Ng'ombe wote anawakamua yeye, na ndiye anayejua yupi ana mimba na yupi anakaribia kuzaa. Siku ya kugawa, ndugu wanaketi chini ya mti pamoja na wazee wa ukoo. Wanazungumza kwa midomo mpaka saa nane. Binti anawaletea chai, anawamiminia, anarudi jikoni. Jioni shamba limekwisha kugawanywa katika mafungu matatu, na mtu mmoja amesema, "Huyu atakaa kwangu." Mwenyewe hajui kama shamba limegawanywa. Atajua siku ile ndugu yake atakapofariki, na mke wa ndugu atakapomwonyesha njia.

Hatudhani kwamba ndugu hawa ni wabaya. Huenda walimpenda. Lakini kupenda hakuandikwi katika hati, na mtu anayelishwa kwa hisani hulishwa mpaka hisani iishe.

Sheria haisemi kama walivyosema wale. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haiwatofautishi watoto kwa sababu ya ulemavu, wala kwa sababu ya kuwa mume au mke. Mtu akifariki bila wosia, watoto wake wote huhesabiwa, na kanuni ni kugawana sawasawa. Akiacha wosia uliomwacha nje mtoto wake, mtoto huyo, au mtu kwa niaba yake, aweza kwenda mahakamani kuomba apewe fungu la kutosha. Na Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ikiketi kusikiliza ombi la kugawa shamba, jirani anayejua kuna mtoto aliyeachwa aende aseme. Mkulima asiogope kwamba anaingilia nyumba ya watu.

Basi wewe uliye hai, fanya hivi. Siku ya kuzungumza mita kiziwi aketi katika duara, na awepo wa kumfasiria. Asiyeona atembezwe mipaka kwa miguu, ashike kila jiwe la mpaka kwa mkono wake. Fungu lake lisiwe ile kona ya mawe ambayo kila mtu ameikataa. Liwe karibu na barabara na maji, kwa sababu yeye ndiye anayeumia zaidi na umbali. Hati iandikwe jina lake. Kama ni mtoto ambaye akili yake haiwezi kusimamia mali, andika wosia, umtaje mdhamini, na usimtaje mdhamini mmoja tu, bali wawili wasiokula katika sufuria moja. Mkeo ajue karatasi iko wapi.

Mwenye ulemavu akikwambia hataki shamba, anataka cherehani au mtaji wa duka pale Ruiru, msikilize. Wako wengi wanaofanya vizuri zaidi mjini. Lakini na aseme mwenyewe.

KADI

Mwisho, habari za kuandikishwa. Kumficha mtu mwenye ulemavu ni kosa kwa sheria ya Kenya tangu Sheria ya mwaka 2003. Mwezi wa Mei 2025 ilitiwa sahihi sheria mpya iliyochukua mahali pake. Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamlazimu kila mzazi kumpeleka mtoto shule, bila kumtoa mwenye ulemavu. Hatuandiki haya kukutisha. Mzazi aliyemficha mtoto miaka kumi aweza kuanza juma hili, na waalimu watamfurahia.

Mtu hupimwa kwanza na madaktari katika hospitali ya Serikali iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo, kisha huandikishwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo lina maafisa katika kaunti. Akipata kadi, aweza kuomba vyombo kama kiti cha magurudumu, fimbo nyeupe au kifaa cha masikio, na mwenye ualbino mafuta ya ngozi. Mwenye mshahara aweza kuomba kusamehewa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Kwa wale wenye ulemavu mkubwa wanaohitaji kuangaliwa usiku na mchana, kuna mpango wa Inua Jamii wa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwulize chifu wakati wa kuandikisha.

Kwanza uliza katika hospitali siku ya kupima, maana si kila siku. Chukua kitambulisho, au cheti cha kuzaliwa kama ni mtoto pamoja na kitambulisho chako, picha ndogo mbili, na barua zo zote za hospitali za zamani hata kama zimechakaa. Daktari akiuliza swali, usijibu wewe kabla mwenyewe hajajaribu. Fika mapema, mbebe na chakula, kwa kuwa mtaketi kwa muda mrefu.